Hewa ya Izia

Septemba ya Ufipa bila moshi? Haijapata kutokea! Cornelia aliikodolea macho kompyuta ndani ya kindege cha utafiti, nyuma ya rubani. Bomba la nje lilikuwa linavuta hewa vizuri, lakini tarakimu zimelala tu. Alikuja kupima gesi zinazopanda angani watu wanapochoma mabua kuandaa mashamba. Mafuta yalikuwa ya safari mbili, na ya kwanza ndiyo hiyo imekwenda bure. Ikikosa na ya kesho, miaka mitatu ya kazi yake imekwenda na maji.

Walipotua Sumbawanga alipanda bodaboda moja kwa moja hadi Izia, kwa mama yake, Rozina.

"Shikamoo, mama. Mbona mwaka huu hamchomi?"

"Marahaba, mwanangu." Mama akacheka mpaka magego yakaonekana. "Si ulisema unakuja kupima hewa yetu? Nimezunguka nyumba kwa nyumba, hata kwa wafugaji kule bondeni. Hata kwenye jumuiya ya kanisa tumetangaza. Atakayewasha kiberiti wiki hii atanitambua! Mgeni anafagiliwa uwanja, bwana. Au wenzako wakaseme Wafipa wachafu?"

Loo! Cornelia hakujua acheke au alie. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kwenye simu alisema anakuja kupima hewa, basi, akakata. Siku hizi simu zake zote kwa mama zilikuwa za namna hiyo, za mtu anayekimbilia kikao.

"Mama, huo moshi ndio niliofuata. Nikipeleka hewa hii nitakuwa nimepeleka uongo. Tafadhali, kesho wachome kama kawaida. Fanyeni kama sipo."

Rozina akaweka chini ungo wa ulezi. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Kama hupo," alisema taratibu. "Hiyo tunaiweza, mwanangu. Mwaka wa sita huu tunafanya hivyo."

Ilimchoma Cornelia, na alijua imemstahili.

Kesho yake, saa nne asubuhi, tarakimu zilipanda mpaka rubani akapiga makofi. Utafiti umepona! Cornelia hakugeuka. Alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, akilitazama shamba la kwao. Mwanamke mmoja alikuwa anakimbia upande huu na upande ule, tawi mkononi, akiupiga moto usivuke mpaka. Kulinda moto ni kazi ya watu wawili, kila mtoto wa Ufipa anajua.