Kuokoa Kabla ya Wakati

Mimi Gikonyo ni karani, si majeruhi. Lakini kitengo chetu cha maafa hapa Isiolo kilipopata mbwa wa kutafuta watu waliofukiwa, ilibidi mtu afukiwe ndipo mbwa azinduliwe rasmi. Bi Kinanu, mkurugenzi wetu, akaona mimi ndiye sina kazi nyingi.

Saa tatu asubuhi nikaingia shimoni, kwenye machimbo ya changarawe karibu na Ngaremara. Wakanifunika kwa mabati na mawe, wakaacha mwanya wa kupumulia. Nilikuwa na chupa moja ya maji. Simu yangu alibaki nayo Bi Kinanu, isije ikalia ikamsaidia mbwa.

Mgeni wa heshima alitarajiwa saa nne. Na kwetu jambo halianzi kabla ya mgeni wa heshima, hata kama jambo lenyewe ni mtu kukata roho. Saa tano nikasikia kwaya. Saa sita nikasikia kwaya ileile. Maji yaliisha, bati likawa kikaango, nami nikaanza kuwaomba msamaha kimoyomoyo watu niliowakosea, nikianza na mke wangu Wendy. Niliogopa kweli. Niligonga bati kwa jiwe, na huko juu wakapiga makofi. Nadhani walikuwa wakitambulishana.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Wario, mpanga viti. Popi, yule mbwa, alikuwa amelala miguuni pa Ebei, aliyemlea tangu akiwa mdogo na ambaye hali mpaka Popi ale. Mara mbwa akasimama, akaanza kulia chinichini. Katika mazoezi yote hakuwahi kulia.

Ebei akamwendea mkurugenzi. "Madam, huyo mtu wa chini ako na shida. Wacha niachilie mbwa."

"Mgeni ako tu hapo Nanyuki," akasema Bi Kinanu. "Ukiachilia sasa, akifika ataona nini?"

"Na akipata maiti?"

"Ebei, ngoja. Hiyo ni amri."

Ebei aliinama, akafungua kamba. Popi akakata katikati ya zulia jekundu, wazee wakikusanya kanzu zao asiwaguse, akaangusha meza ya soda, akaanza kufukua. Kitu cha kwanza nilichokiona cha dunia hii ni pua yenye unyevu. Niliikumbatia nikalia, wala sioni haya kusema.

Mgeni alifika saa nane. Bi Kinanu akanijia na tabasamu. "Gikonyo, rudi tu kidogo. Dakika kumi."

Kabla sijajibu, Popi alikwenda akalala juu ya shimo, akaonyesha meno.

"Amekataa," Ebei akasema. "Na mimi siwezi kumlazimisha."

Mgeni akahutubia viti vitupu, akaenda zake.

Jumatatu Bi Kinanu akaniamuru nichape barua ya kumfuta Ebei kazi, kosa lake likiwa kuokoa kabla ya wakati. Niliichapa, akaitia sahihi, nikaigonga muhuri. Kisha nikapanda boda hadi machimboni, nikaizika katika lile shimo langu na kurudisha mabati.

Bi Kinanu anaitafuta mpaka leo. Nimemshauri atumie mbwa, lakini ofisi nzima inajua Popi hafanyi kazi na mtu mwingine ila Ebei.