Mwendo wa Kidole

Kazi ya mtunza kanda wa redio ni kusikiliza, na huyu alilipwa kusikiliza kutwa nzima, jambo ambalo majirani zake waliliona ni uvivu wenye mshahara. Kila muziki wa zamani uliotoka stoo aliuandikia mambo matatu, ili watangazaji wajue waupige wakati gani: mwendo, ufunguo, yaani sauti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, na hali, yaani kama unafurahisha au unahuzunisha. Mwendo na ufunguo havikumsumbua. Hali ndiyo iliyokuwa balaa. Mwenzake wa meza ya pili, waliyembatiza jina la Mita kwa kupenda kwake kupima kila kitu, aliandika "nzuri" kila mahali, hata kwenye muziki wa mazishi, na alipoulizwa akajibu, "Si mmeuliza hali? Nzuri. Sijui yenu."

Siku moja mtunza kanda alikuja na kanda yake mwenyewe kutoka nyumbani, ile ya kizamani ya magurudumu. Ilikuwa ya marehemu baba yake, fundi redio, aliyeachiwa kanda hiyo na mteja ambaye hakurudi tena. Ndani yake mlikuwa na koncheto ya fidla ya zama za baroki, muziki wa karne nyingi nyuma: fidla moja mbele, kundi la wapigaji likiifuata, sehemu tatu. Utotoni mwake ile sehemu ya kati ndiyo iliyomlaza kila jioni. Aliikumbuka vizuri. Ilikuwa nzito, ya sauti ya chini, inayumbayumba kama mtu anayetembea chumbani na mtoto begani.

Alitaka kumpigia mama yake muziki huo. Mama alikuwa anasahau. Alianza kusahau miwani, akaja kwenye majina, na sasa hata binti yake wa kumzaa, huyu mtunza kanda, hamjui. Alimwita "dada" kwa adabu, kama anavyoitwa nesi, na kumshukuru kwa chai. Binti alitabasamu, akapokea kikombe, akaenda kulilia bafuni. Hakuwa na makuu. Alitaka mama amtambue, japo mara moja tu, kwamba huyu ni mwanangu.

Mita aliipachika kanda kwenye mashine ya ofisini, akaisogeza hadi sehemu ya kati. Fidla ilipoanza tu, mtunza kanda aliruka kitini.

"Siyo hii! Mashine yenu inakimbia."

"Mashine yetu," Mita alimsahihisha. Akatoa vipimo vyake, akapima huku na huku, akatikisa kichwa. "Haina kosa. Mwendo wa polepole wa wastani, ufunguo E maina, safi kabisa. Mashine ya mzee wako ndiyo iliyokuwa inachechemea."

Maneno hayo yalimchoma. Fundi redio gani huyo, aliyetengeneza redio za mtaa mzima, halafu mashine yake mwenyewe ikamshinda? Lakini vipimo havina upendeleo. Aliandika mwendo, akaandika ufunguo. Hali aliiacha wazi. Jumamosi aliazima mashine ndogo ya stoo, akaibeba nyumbani.

Alasiri hiyo mama alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha, amepakata mto kama kawaida yake. Jua lilipenya kwenye pazia na kujilaza sakafuni. Nyumba ilikuwa kimya, mpaka friji ilisikika ikinguruma jikoni.

"Mama, nimekuletea muziki wa baba."

"Asante, dada."

Fidla ikaanza, nyepesi na angavu. Mama akakunja uso. "Hawa wanakimbizwa na nani?"

"Ndiyo mwendo wake, mama. Zamani ulikuwa unakosewa. Sasa uko kwenye ufunguo wake."

"Ufunguo?" Mama alishtuka. Akajipapasa mifukoni, akainua mto, akachungulia chini yake. "Nilikuwa nao hapa hapa. Baba mtoto akirudi ataingiaje?"

"Tulia, mama. Mlango uko wazi."

Mama hakutulia. Alipapasa kochi lote. Binti akanyoosha mkono azime mashine, akiwa na hasira na Mita, na vipimo, na yeye mwenyewe. Kidole hakikufika kwenye swichi. Kilitua ukingoni mwa gurudumu la kanda lililokuwa likizunguka, kikalilemea kidogo, kama mtu anayesema, jamani, taratibu.

Muziki ukazama. Fidla ikashuka hadi kwenye ufunguo usio na jina, ambao Mita asingeupata kwa kipimo chochote, ikaanza kuyumbayumba. Ndiyo hiyo. Pazia lilionekana kupumua kwa mwendo ule ule, jua nalo likasogea sakafuni bila haraka, na binti akahisi kope zake zinakuwa nzito na miguu yake haifiki chini.

Mama aliacha kupapasa. Akaurudisha mto mapajani, akaanza kuupigapiga polepole, akiimba kwa pua mbele kidogo ya fidla, maana alijua inakoelekea.

Kisha akainua macho, akamtazama binti yake usoni. "Baba mtoto," alinong'ona, "toa kidole sasa. Keshalala."

Binti akaacha kidole pale pale. "Nani?"

"Mwanao, nani mwingine? Usipoupunguza mwendo wa muziki wako hafumbi jicho. Toa, usije ukaikata kanda."

Kumbe mashine haikuwahi kuchechemea. Baba alikuwa akikaa kando yake kila jioni, kidole kwenye gurudumu, mpaka mtoto asinzie. Mwendo wa kweli binti hakuwahi kuusikia, kwa sababu kila ulipoanza yeye alikuwa keshalala.

Akatoa kidole. Fidla ikapanda, ikarudi kwenye E maina yake. Binti akaenda kwenye kochi kwa kunyata, akauondoa mto, akaweka kichwa pale pale ulipokuwa. Mkono wa mama ulibaki hewani, na binti aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Halafu ukashuka. Ukaanza kumpigapiga mgongoni kwa ule mwendo wa zamani, bila kuijali kanda.

"Shh," mama alimwambia mtu aliyekuwa kando ya mashine, mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Utamwamsha mwanangu."

Binti akafumba macho upesi, asije akaonekana yuko macho.