Vitanda Viwili, Nyumba ya Tano

Mara ya tatu nilipolikuta sweta limetolewa mkobani, nilifoka mpaka jirani wa ghorofa ya juu akafunga dirisha.

"Jumatatu nimelitia, umelitoa. Jana nimelitia, umelitoa. Una nini wewe mwanamume? Huko njiani asubuhi kuna baridi ya kukata masikio, unataka kwenda na fulana?"

"Mzigo umezidi," alisema mume wangu.

"Umezidi nini? Hata kilo saba haufiki!"

"Umezidi, mama watoto." Akavuta kiti, akakaa, akashika magoti yake kwa mikono miwili.

Mume wangu alikuwa mpima mizani katika ghala la nafaka kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzake walimwita Ratili, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Hata mimi nikikasirika namwita hivyo. Alipostaafu alikuja na mizani moja ya kuning'iniza, akaitundika mlangoni mwa jikoni. Anapima vitunguu. Anapima mkate, halafu anarudi dukani kugombana. Sasa, aliposikia kwamba mahujaji wana kanuni yao, kwamba mzigo wa mgongoni usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwenye kuubeba, alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya harusi yetu. Nilikuwepo siku zote mbili, nasema ninachokijua.

Na uzito wake naujua. Kilo sabini na moja, tangu ujana wake, hazipandi hazishuki. Kwa hiyo kilo saba ni haki yake, na sweta ndani yake. Lakini kubishana na Ratili juu ya mizani ni kumfundisha samaki kuogelea. Nikaliacha sweta kitandani, nikaenda zangu kwenye cherehani, nikiapa moyoni kwamba siku ya safari nitalivaa mimi mwenyewe juu ya langu.

Safari yenyewe ilikuwa nadhiri, na nadhiri ilikuwa juu ya kichwa changu. Miaka mitatu iliyopita nilipasuliwa tumbo mara mbili ndani ya wiki moja, na madaktari wakamwambia ajiandae. Akasimama kwenye korido ya hospitali akaapa kwamba nikipona atakwenda kwa miguu, toka mlangoni kwetu mpaka mahali patakatifu, kilomita mia tatu. Nikapona. Mwaka wa kwanza akasema kazi. Mwaka wa pili akasema goti. Mimi nikawa silali vizuri. Kila tumbo likinikata nasema, haya, nadhiri hiyo inadai deni lake. Cheka ukitaka. Mwaka huu nikamwambia: miti ikianza kuchipua tu tunatoka, mimi na wewe, hata kwa kukuburuta. Akasema sawa. Alisema sawa upesi mno, na mimi kwa furaha sikujiuliza.

Malazi niliyapanga mimi. Nyumba za mahujaji hufungwa majira yote ya baridi, hufunguliwa machipuko yakianza. Ziko ishirini na tisa njia nzima, moja kila kilomita kumi hivi. Nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikaligeuza, nikaanzia ukurasa wa nyuma. Niliruka moja nikachukua moja, kilomita ishirini kwa siku, usiku kumi na nne njiani. Zile za kuruka nilizipiga mstari. Simu nilizopiga, we acha tu. Huyu vitanda vyake ni vya kupandiana, na mimi kwa umri huu sipandi kitanda kwa ngazi. Yule anataka mje na shuka zenu. Wa nyumba ya kumi na nane hasikii vizuri. Nilisema "wawili" mpaka koo likakauka, akaniandikia kumi na wawili, akauliza kama ni kwaya.

Siku nne kabla ya kuondoka nikaanza nguo zake. Nilitaka kumshonea mfuko wa siri kiunoni mwa suruali, wa kutia vitambulisho. Nikaigeuza ile suruali ya kijivu, niliyomshonea kwa mkono wangu, nikaona nyuma ya kiuno mshono ambao si wangu.

Uzi wa kahawia. Kwenye suruali ya kijivu!

Mjini hapa kuna mtu mmoja tu anayeshonea uzi wa kahawia kila kitu kinachoingia mlangoni mwake, na hata gauni la bibi harusi angelishonea uzi huo huo: Fundi Upara, mtaa wa pili. Damu ikanipanda. Mume wa fundi cherehani anapeleka suruali kwa fundi mwingine! Ni sawa na mke wa mwokaji kukutwa kwenye foleni ya mkate. Nikaikunja ile suruali chini ya kwapa, tepu ya kupimia bado shingoni, nikashuka ngazi bila kumuaga mtu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumpa Upara vidonge vyake.

Nilimkuta amekaa mlangoni, anatunga sindano.

"Eh, mama fundi," alisema alipoiona suruali. "Nilimwambia mzee, mkeo akijua ataniua."

"Nakuua leo. Alikuletea lini?"

"Ipi? Amekuja mara tatu."

"Mara tatu!"

"Baridi ilipoanza nilimpunguzia kiuno inchi mbili. Baadaye kidogo, mbili tena. Juzi juzi hapa, tatu. Nikamwambia, mzee, kitambaa kimekwisha, mifuko ya nyuma sasa inagusana. Akasema haidhuru, hana cha kuweka humo." Akacheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. "Mama, kwani hukujua?"

Yale maneno yote niliyoyapanga yalinipotea. Nilisema nini? Nadhani nilimwambia uzi wake mbaya. Ndiyo, hilo nililisema, kisha nikaondoka.

Inchi saba. Mimi mteja akisukuma mlango nimeshajua kiuno chake kabla hajakaa. Watu hunisifu kwa hilo. Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nilizishona mimi, na sikuona kitu. Baridi yote alilala na masweta mawili, nikamtania kwamba uzee umemfanya mwoga. Alikula nusu sahani, nikamwambia anaringa. Alipumzika katikati ya ngazi, nikamsubiri juu huku nimeshika kiuno, nikamwita bibi kizee. Niliona aibu barabarani pale, aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

Nilipofika nyumbani alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mkoba unaning'inia kwenye mizani. Nilitazama mshale. Kilo tano na robo. Hesabu si kazi yangu, lakini kuzidisha kwa kumi hata mtoto anajua. Kilo hamsini na mbili na nusu. Kwa hiyo kila nilipotia sweta na yeye akalitoa, alikuwa ananiambia, na mimi nikamfokea. Angeweza kuziacha zile kilo saba nisijue lolote. Lakini Ratili hajui kuidanganya mizani, hata kwa kunificha mimi.

"Nyanyua mikono," nikamwambia.

Akaiona suruali, akaiona tepu. Akanyanyua mikono, kama mteja. Nikaipitisha tepu chini ya yale masweta. Inchi ishirini na nane, na suruali nilimshonea ya thelathini na sita. Hata zile tatu za mwisho za Upara zilikuwa zimeshapitwa. Mbavu zilikuwa pale pale chini ya vidole vyangu, moja moja. Nikaanza kulia, na mimi nikilia natukana, kwa hiyo nilimtukana yeye, na Upara, na ghala, na mama yake aliyemzaa mbishi.

"Ni ini," alisema nilipopungua. "Nimekwenda hospitali mara mbili. Zile siku nilizokuambia nakwenda kuwaona wenzangu wa ghalani."

"Wamesema nini?"

"Wamesema nimechelewa."

"Nimekuuliza wamesema nini!"

"Miezi miwili. Ikizidi sana, mitatu."

Nilikaa sakafuni. Yeye akakaa kwenye kiti kile kile, tukawa tunatazamana kupitia miguu ya meza.

"Basi hakuna safari," nikasema. "Nazipigia nyumba zote leo leo, nafuta. Utakaa hapa nikuuguze."

Mume wangu hakuwahi kunipandishia sauti miaka yote ya ndoa yetu. Sauti za nyumba hii ni zangu. Siku ile aliipandisha. "Usifute kitu! Wewe ulilala pale umekatwa tumbo, mimi nilisimama nje nikaapa. Ukaamka. Nikakaa mwaka, nikakaa mwaka wa pili, na wewe unanitazama kila asubuhi. Nife na hili pia?"

"Hutafika!"

"Sikuapa kufika."

"Nini?"

"Niliapa kwenda." Sauti ilikuwa imeshuka tena, imekuwa ile yake ya ghalani. "Maneno yangu nayakumbuka. Nilisema, akipona nitakwenda kwa miguu, toka mlangoni kwangu mpaka pale. Kwenda ndiko nilikoahidi. Huko kufika ni kwa Mungu, sikukutaja."

"Umesema mpaka pale. Unacheza na maneno."

"Sichezi. Mtu akianguka njiani alikuwa anakwenda wapi? Anakwenda pale. Akibaki kitandani, hakwenda popote."

Nilimchukia dakika ile, nakiri. Nilimchukia kwa kunificha, na kwa kuwa na jibu. Na nilikuwa naogopa, si kwa roho yangu tena. Ile nadhiri niliyoihofia miaka mitatu nilitamani sasa irudi inichukue mimi, imwache yeye. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema nisiseme upuuzi. Akainama taratibu, akanishika mkono, ila kuninyanyua hakuweza, nikanyanyuka mwenyewe.

Nikaleta daftari.

"Unakwenda mpaka wapi?" nikamuuliza. "Sema kweli, Ratili. Mimi na wewe tu tuko hapa."

Hakufikiri. Alishafikiri siku nyingi. Kidole chake kilipita juu ya nyumba zangu kumi na nne bila kusimama, kikatua kwenye moja niliyoipiga mstari, ya tano. Pembeni nilikuwa nimeandika: ndogo, vitanda sita, duka hakuna.

"Kilomita hamsini," alisema. "Kumi kumi, siku tano. Kumi naziweza, wiki iliyopita nilitembea mpaka ghalani na kurudi mara mbili. Na pale zahanati iko ng'ambo ya barabara. Nimeuliza."

"Umeshawapigia?"

"Nimeuliza tu. Nafasi sikuweka. Malazi ni kazi yako."

Nikafuta machozi kwa upande wa tepu, nikachukua simu. Zile nne za kwanza nilizimaliza haraka, usiku mmoja mmoja, mbili nikiziomba upya, mbili nikizisogezea tarehe mbele, nikasema tunatembea polepole. Hakuna aliyeuliza zaidi. Zilizobaki nilizifuta kwa maneno mawili mawili, hata yule kiziwi alinielewa mara moja.

Nyumba ya tano alipokea mwanamke mwenye sauti ya kazi, nyuma yake nasikia sufuria zinasuguliwa.

"Vitanda viwili," nikasema. "Vya chini, kama vipo."

"Chini vipo. Tarehe?"

Nikampa.

"Usiku mmoja, sawa."

"Hapana, dada. Si usiku mmoja."

"Mama, nyumba zote za njia hii ni usiku mmoja. Saa mbili asubuhi kila mtu ameshatoka, tunawapisha wengine. Ndio utaratibu wetu."

"Naujua utaratibu. Ya kufika iandike. Ya kuondoka iache wazi."

"Iache wazi mpaka lini?" Nikasikia sufuria zimenyamaza. "Kwa wote wawili?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amekaa wima, ananisikiliza kama nilivyowahi kumwona mara nyingi ghalani, anasubiri mshale utulie. Akatikisa kichwa: hapana, mwambie ilivyo.

"Wa kuondoka ni mmoja," nikasema. "Ni mimi. Siku yenyewe siijui."

Nikadhani simu imekatika, nikasema halo.

"Nipo," alisema. "Njooni."