Nusu ya Sponji

Mama alikuwa na jicho la dobi. Alistaafu akiwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, na kule shuka halikwenda wodini mpaka yeye alitazame na kuliachia. Kazi iliisha, jicho likabaki. Ndiyo maana asubuhi ile, mkwe wake, mke wa mwanawe, alipotoka kumpelekea mteja gauni alilomshonea, Mama alisimama mbele ya tangi jipya la samaki pale sebuleni, akainama, akaona utelezi.

Ulikuwa utelezi wa kahawia, mwembamba, umeshika mawe na kupanda mpaka kwenye kioo. Akafungua pampu, akachomoa sponji ya kuchujia maji. Nayo ilikuwa inateleza kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa bafuni.

"Aibu gani hii," alijisemea.

Maana mgeni alikuwa njiani, tena si mgeni wa mchezo. Marehemu mumewe alikuwa kinyozi, na kwenye kibanda chake alifuga samaki mmoja wa rangi ya dhahabu, mnene, mwenye macho ya kutoka nje, aliyesogea kwenye kioo kila mtu alipokalia kiti. Wateja walimwita Mkaguzi. Hakuruhusiwa mtu kuinuka kabla Mkaguzi hajamtazama kisogo. Mzee alipofariki, kibanda kilishikwa na mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa naye ameota mvi. Huyo alikuwa anahamia mbali mwisho wa mwezi, na safari ya basi ya kutwa nzima si ya samaki mzee. Ama Mama amchukue, ama apewe yeyote mwenye beseni.

Mama alijibu kwa mkato, "Mlete huku," kama anayezungumzia kiti. Lakini mkwe wake, fundi cherehani aliyezoea kumsoma mtu kwa jinsi anavyosimama mbele ya kioo, alielewa. Katika vyote alivyoacha Mzee, Mkaguzi ndiye pekee aliyekuwa bado anapumua. Kesho yake tangi likanunuliwa.

Kilichomshinda Mama ni mambo yaliyofuata. Tangi lilijazwa maji, pampu ikawashwa, na samaki hakuletwa. Badala yake mkwe alikuwa akidondosha chembe za chakula kwenye maji matupu.

"Unamlisha nani?" Mama aliuliza.

"Nayalisha maji, Mama. Chakula kinaoza, kinatoa sumu. Kuna vijidudu vinavyokula hiyo sumu, lakini vinakuja taratibu. Vikishakuwa vingi, samaki anaingia. Akiingia kabla havijafika, uchafu wake mwenyewe unamuua."

Mama aliyasikiliza hayo kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Alichokielewa ni kichupa cha kupimia. Mkwe alichota maji, akatia matone ya dawa, akanyanyua kichupa dirishani. Kijani ni sumu, njano ni salama. Kila alipopima, kijani kilikuwa kinafifia.

Basi asubuhi ile ya utelezi, Mama akaona atie mkono wake, nyumba imalizike kujiandaa. Sabuni hakutumia, alijua samaki na sabuni hawapatani. Alichemsha maji, akaitumbukiza sponji, akaikamua, akarudia mpaka ikarudi rangi ya dukani. Mawe akayamwagia maji ya moto kwenye karai, akayasugua moja moja. Kioo akakifuta. Alipomaliza alikaa akilitazama tangi kwa roho safi.

Kesho yake kichupa kilikuwa kijani kibichi. Mkwe alikitazama dirishani, akakitikisa, akakitazama tena.

"Mama, kuna kitu umegusa humu?"

"Nimegusa vyote," Mama alisema, akingoja sifa. "Bila sabuni, usiwe na wasiwasi. Maji ya kuchemka tu. Ile sponji sasa hata chumba cha upasuaji ingeingia."

Mkwe akaketi kwenye kiti cha cherehani taratibu, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye msumari.

"Ule utelezi ndiyo nyumba ya wale vijidudu, Mama."

"Ule?"

"Ule ule."

"Nimeviua vyote?"

"Ukoo mzima. Umeuchemsha." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamgomea. "Vingine vitakuja. Ila tunaanza mwanzo, na mwezi hautungoji."

Hakuna aliyepandisha sauti. Cherehani ikaanza kunguruma, Mama akaenda chumbani kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mawazoni alimwona Mkaguzi kwenye beseni la mtu baki, watoto wakimchokoa kwa kijiti. Akalikunjua shuka, akalikunja upya.

Hapo ndipo alipomkumbuka Mzee na ndoo yake. Kila Jumapili alichota maji ya tangi lile lile, akaitoa sponji, akaikamua humo mara mbili tatu, maji yakawa meusi, kisha akairudisha ikiwa bado kahawia. Mama alimsimanga miaka nenda, miaka rudi. "Unaosha uchafu kwa uchafu. Mume wa dobi, wewe." Naye alicheka tu. "Wewe una safi yako, mke wangu. Huyu ana yake." Siku zote Mama aliamini ule ni uvivu uliopata maneno mazuri.

Akatoka chumbani. "Mwanangu, ile sponji ya kibandani, ya tangi la Mzee. Si imejaa vijidudu?"

Cherehani ikanyamaza. Mkwe akageuka. "Imejaa tele."

"Tukiikata nusu? Nusu abaki nayo Mkaguzi, nusu ije huku itangulie."

Mkwe alinyanyua mkasi wake wa vitambaa, ule ambao mumewe mwenyewe hathubutu kukatia hata karatasi, akautia mkobani.

Kibandani walimkuta kinyozi, yule mwanafunzi wa zamani wa Mzee, akifunga vioo vyake kwenye magazeti. "Karibu, bosi mkubwa. Leo umekuja kunyoa?"

"Nimekuja kuchukua uchafu."

Kinyozi akamtazama mkwe, kama anayeuliza iwapo Mama yu mzima. Alipoelezwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Uliyekuwa unatufukuza na ufagio? Mzee angelisikia hili angefunga kibanda mapema, aende kusherehekea."

Sponji ilitoka nyeusi, nzito, inachuruzika. Mama aliishika yeye mwenyewe, mkwe akapitisha mkasi katikati, na Mkaguzi akasogea kwenye kioo kusimamia kazi. Nusu yake ikarudi pampuni. Nusu ya pili ikawekwa ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lile, maana ikikauka imekufa. Mama hakukubali kupokelewa ndoo. Njiani maji yalimrukia kwenye gauni, wala hakuyapangusa.

Nyumbani, sponji ilipowekwa, maji yote yalichafuka. Mama alikalia mikono yake isije ikashika kitambaa. Siku zilizofuata mkwe alitia chakula na kupima, na Mama akawa wa kwanza dirishani. Kijani kikafifia, kikawa kama jani changa, hata asubuhi moja kichupa kikawa njano. Mkwe alimpa akishike. Alikishika muda mrefu.

Kinyozi alimleta Mkaguzi siku ya kuondoka kwake. Samaki alizunguka tangi lote, akapita juu ya mawe yaliyokwisha kushika utelezi mpya, kisha akaja kwenye kioo, akatoa macho.

"Anakagua," kinyozi alinong'ona.

"Akague," Mama alisema. "Hakuna kilichooshwa."

Mkwe aliinama karibu na pampu. "Kuna unywele umenasa kwenye sponji, Mama. Niutoe?"

Mama alikuwa ameshauona zamani, siku ile ile ya ndoo: mfupi, mweupe, umejikita ndani. Kwenye kile kiti cha kibandani vimepita vichwa vingi; ungeweza kuwa wa yeyote, hata wa Mzee.

"Uache," alisema, akaenda kuandaa chai.