Mstari wa Chini

Wiki ya tatu na kitabu cha hesabu, nilikuwa hoi. Kazi yangu ni kupanga kurasa: naandika amri kwenye kompyuta, nayo inachora mabano na vipeo mahali pake. Mswada huu mwalimu mstaafu aliuandika kwa mkono, na alama moja ilinitoa roho. Ilikuwa ile mistari miwili ya sawasawa, ila wa chini umeishia katikati. Nikajisemea, mkono wa mzee unatetemeka. Bila shaka alitaka kuandika "si sawa". Nikatoa amri moja tu, alama zote mia nne na kumi na mbili zikageuka kufumba na kufumbua, nami nikaenda kunywa chai.

Siku ya kupeleka kazi mtamboni, Mwalimu akaja mwenyewe, prufu, zile karatasi za kukagua kabla ya kuchapa, kwapani. Bosi wetu, tunayemwita Leoleo kwa sababu kwake hakuna kesho, alikuwa mlangoni anatazama saa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umewafelisha watoto wangu wote."

Nilidhani utani. Akafungua prufu, akaniwekea kidole kwenye alama. Kumbe ile yake ina jina: inaitwa *bado*. Mtoto akikosea, hamchorei kosa. Anamwekea mistari miwili, wa chini nusu. Akipata jibu, mtoto anaumalizia mwenyewe kwa penseli, ikawa sawasawa. Hivyo ndivyo alivyofundisha miaka thelathini na mmoja, na kitabu kilikuwa cha kufanyia hesabu humo humo, kila swali na bado yake.

"Wewe umewaambia si sawa, si sawa, si sawa. Nani atafika ukurasa wa pili?"

Leoleo akadakia, "Mwalimu, alama hiyo kwenye kompyuta haimo. Twende na hii, toleo lijalo tutarekebisha."

"Nina miaka sabini na tisa. Toleo lijalo nitalisoma wapi?"

Mwalimu akatoa fomu ya idhini. Bila sahihi ya mwandishi, mtambo hauwashwi. Penye sahihi alikuwa amechora kwa penseli mistari miwili, wa chini nusu, imenyooka kama ya rula. Mkono wake haukuwa unatetemeka hata kidogo. Niliona aibu, na kwa uchovu nusura nilie.

"Kama haimo, naitengeneza," nikasema. "Nipeni saa moja."

"Nusu," akasema Leoleo, akaketi kwa hasira.

Sikugusa kurasa, nilibadilisha ile amri tu: juu mstari mzima, chini nusu. Mara ya kwanza nusu ikakaa katikati.

"Mtoto ataendelezea upande gani?" Mwalimu akauliza.

Nikaisogeza kushoto. Ikawa nyembamba mno, nikainenepesha. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Nikabonyeza, zote zikageuka kwa pamoja.

Mwalimu alipitia karatasi moja moja, bila haraka, Leoleo akihema pembeni. Alipomaliza akanisogezea fomu na penseli.

"Malizia."

"Mimi, Mwalimu?"

"Aliyekosea ni nani?"

"Na sahihi je?" Leoleo akauliza.

"Ndiyo hiyo anayoiandika."

Nikauvuta mstari wa chini hadi mwisho. Ukatoka umepindapinda, maana mkono uliokuwa unatetemeka ni wangu.