Muhuri wa Ndala

Ndugu wananchi wa Maisaka, pamoja na wote mnaotutakia mema kutoka Singe hadi Sigino: nachukua fursa hii adhimu kuwatangazia kwamba, kwa mamlaka niliyopewa, suala la riba ya nyumba yetu limepatiwa ufumbuzi wa kudumu.

Mamlaka hayo nilijipa mwenyewe, Jumatano asubuhi, nikiwa nimekalia ndoo jikoni. Nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu shule ya bweni, na nilikuwa likizo.

Suala lenyewe lilikuwa hivi. Hati ya nyumba yetu iko benki tangu Baba alipokopa kununua mashine ya kusaga. Imebaki miaka sita ya kulipa, kwa riba ya asilimia kumi na sita isiyobadilika. Sasa benki nyingine ikaja na ahadi: italipa deni lile, itaichukua hati, na itatutoza kumi na tatu. Ila hiyo kumi na tatu ni ya mwaka mmoja tu. Baada ya hapo itapanda au itashuka kufuatana na soko. Baba aliisikia kumi na tatu. Mama aliisikia "ila".

Na kwa kuwa nyumba ni ya familia, benki haiwezi kuishika bila sahihi ya mke.

"Mama Dorika, kalamu hiyo hapo," Baba alisema wakati wa chai.

"Naiona. Mwaka kesho ndio siuoni."

"Nani anauona?"

"Basi tumsubiri huyo anayeuona."

Siku tatu ikawa hivyo. Kwetu hakuna anayepaza sauti. Wazazi wangu wakigombana, wanaongezeana sukari kwenye chai. Mimi, kwa moyo wa kulitumikia taifa, nikaamua kumtengeneza huyo anayeuona mwaka kesho.

Bwenini muhuri hatununui. Unachukua ndala, unakata kipande cha kisigino kwa wembe, unachonga maandishi kinyumenyume, unapaka wino wa kalamu. Kwa ufundi huo bweni letu liliwahi kupata ruhusa saba za kwenda hospitali kwa wiki moja, na wagonjwa wote wakarudi na chipsi.

Nikaandika: "Kamati Kuu ya Ushauri wa Riba inawajulisha wenye nyumba kwamba, baada ya kikao kirefu, imejiridhisha kuwa riba haitapanda kwa miaka sita. Aidha, watoto wa kike walio likizo waongezewe nyama." Nikagonga muhuri, nikaipitisha barua chini ya mlango wa mbele. Kwa hesabu zangu, kicheko kingeanza kwenye neno nyama.

Nilimsahau Mama na mihuri. Maisha yake yote, kuanzia cheti cha ubatizo hadi kibali cha kusafirisha mahindi, jambo halijawa kweli mpaka ligongwe muhuri. Aliisoma barua taratibu, akasema siku hizi wanakazania sana lishe, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Jioni sahani yangu ilikuwa na vipande vitatu vya nyama.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini nilikuwa natafuna.

Ijumaa akaja Bwana Cornel, afisa mikopo wa ile benki mpya, na fomu zake. Nikamwamkia, nikamwekea chai. Mama akavuta fomu, akashika kalamu, akaandika C ya Consolata.

"Nini kimekubadilisha?" Baba akauliza.

"Kamati imeandika," Mama akasema, akatoa barua.

Bwana Cornel aliisoma hadi kwenye nyama. Akapitisha kidole juu ya muhuri, akaunusa.

"Mama, hebu weka kalamu chini kwanza. Nimesoma bweni miaka sita. Huu muhuri ni ndala."

Mama alifunika kalamu.

"Wewe unaweza kuniandikia kwamba haitapanda?" akamuuliza.

"Siwezi, Mama. Hakuna awezaye."

"Basi ikifika kumi na nane, kila mwezi tutalipa ngapi?"

Bwana Cornel akapiga hesabu kwenye simu, akamsogezea Baba. Baba aliitazama namba ile mpaka chai ikaanza kupoa.

"Mashine haiwezi kusaga hiyo," akasema. "Tubaki tulipo."

Mama akaichana ile fomu yenye C moja, mara mbili, bila haraka. Kisha akageuka. Mimi nilikuwa mlangoni na birika, nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Dorika, shusha mguu. Sasa vua ndala, ulete hapa."

Nikaileta. Kipande cha kisigino hakikuwepo, na pembeni wino ulikuwa haujatoka.

Ndugu wananchi, nafuta tangazo langu la awali. Kamati Kuu ni mimi. Kikao kirefu kilikuwa mimi na ndoo. Nilidhani Mama atacheka, na asipocheka nitasema. Halafu ikaja nyama, nikanyamaza, na ile C ilipoandikwa nilikuwa nimesimama pale pale na birika, sikufungua mdomo. Haya yote nimemwambia Mama mbele ya mgeni, na hapo sikutumia neno "adhimu" hata mara moja.