Utepe wa Madamu Fizikia

Mafunzo yalifanyika wakati wa likizo, kwenye chumba cha kompyuta cha shule ya wasichana, na kitu cha kwanza walichogawiwa walimu waliotoka shule mbalimbali kilikuwa utepe wa karatasi na kalamu ya wino mzito. Kila mmoja akate kipande, aandike vile wanafunzi wanavyomwita wakidhani hasikii, akibandike kwenye mikseri, mashine ya kuchanganyia sauti, chini ya kile kidude cha kusukuma juu na chini ambacho mkufunzi alikiita kitelezi. Mkufunzi alikuwa kijana mwembamba, hedifoni shingoni hata wakati wa chai. Alisema wanafunzi wa sekondari hawatabandika majina kama hawajamwona mwalimu wao akibandika, na mikseri isiyo na majina ni ugomvi mtupu.

Mwalimu wa kwaya aliandika Tenori. Mkewe, aliyefundisha shule moja naye, aliandika Madamu Fizikia. Mkuu wao wa shule aliwatuma wote wawili kwa sababu muhula ukifunguliwa shule ingeanza kufundisha teknolojia ya muziki, chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi, na mmoja wao angekabidhiwa ufunguo na somo lenyewe. Madamu aliutaka ufunguo huo mpaka alikuwa anauota. Tenori hakuuota. Ufunguo wa chumba cha muziki apewe nani, kama si mwalimu wa muziki?

Wakati wa kujitambulisha, Tenori alieleza kwamba kwaya yake imejaza kabati la vikombe, ila ana ugonjwa mmoja usiopona: wasichana wa sauti ya pili hawafungui midomo. Kila mwaka wanakuja wapya, na kila mwaka ni walewale.

Tepe zilipokwisha kubandikwa, sauti za walimu wenyewe zilitii vitelezi. Mkufunzi alimshusha Mwalimu wa Historia, aliyekuwa akilalamikia chai, na Mwalimu wa Historia akabaki anachezesha midomo. Akampandisha, vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Mkitoka, rudisheni vitelezi katikati," mkufunzi akaonya. "Kundi lililopita tulimsahau mwalimu wa kilimo huko chini. Mama mkwe kampigia simu, jamaa anaitika, hasikiki. Mpaka leo wanasuluhishwa."

Walimu wakaandika: katikati.

Kitelezi cha Madamu Fizikia hakikukaa katikati. Kila alipokiachia kiliteremka chenyewe hadi chini kabisa, taratibu, kama ng'ombe anayerudi zizini bila kuswagwa.

"Kimezoea huko," mkufunzi akasema. Akatoa kifutio cha penseli mfukoni, akakisokomeza chini ya kitelezi kikiwa juu, kikashika. "Hiki kaa nacho, Madamu. Utakihitaji hata kwenu."

Zoezi la siku iliyofuata lilikuwa kutenganisha sauti. Kila mwalimu alitakiwa kurekodi kwa simu chakula cha jioni cha nyumbani kwake, kisha aje akigawe kwenye chaneli: mtu chaneli yake, kitu chaneli yake. Ya Tenori na mkewe iligawanyika vizuri. Pacha wa kwanza, pacha wa pili, jokofu, sahani, Tenori mwenyewe akisimulia. Chaneli ya Madamu ilifunguliwa mwisho. Kifutio kikawekwa, na kwenye spika ukatoka mlo wa jana, na wa juzi yake, na milo yote tangu ndoa.

"Chaneli iliyofungwa muda mrefu huwa inajaa," mkufunzi akaeleza. "Iacheni imwagike."

Wakaiacha. Madamu Fizikia, kwenye spika, aliuliza kama chumvi imetosha. Aliuliza tena. Alisema bomba la jikoni linavuja. Kisha sahani zikaanza kugongana kwenye beseni, na juu yake ikaja sauti ya kike, ya chini, imenyooka.

"Baba Mapacha, hapo kwenye kiitikio sauti ya pili ishuke, usiipandishe. Sikiliza." Ikaimba. "Umeona? Kesho waambie hivyo."

Ikaimba kiitikio kingine, cha mwaka mwingine, na kingine tena. Walimu waliohudhuria mashindano ya kwaya walizitambua nyimbo zote. Ndizo zilizojaza kabati. Kwenye karatasi za nyimbo hizo, chini ya kila kichwa, palikuwa na jina la mtunzi mmoja, Tenori, naye alikuwa amekaa palepale, mikono magotini.

"Kumbe," alisema Mwalimu wa Historia. Akainama kwenye mikseri. "Sahani zimezidi kidogo. Nizishushe?"

Mkufunzi alikuwa amefumba macho. Tenori alimwona alivyofumba macho, na kitu kikamwingia. Ingekuwa aibu, ingekuwa afadhali. Ulikuwa wivu, wivu wa kweli, ule wa kumtazama mtu na kuuliza kwa nini yeye. Miaka yote aliyopunga mikono mbele ya kwaya, hakuna aliyewahi kumfumbia macho.

Wakiwa njiani kurudi, Madamu aliuliza, "Kwani ulikuwa hunisikii?"

"Sahani zilikuwa zinapiga kelele, Mama Mapacha."

"Sahani nilikuwa naosha mimi."

Tenori akasema jua ni kali.

Shule ilipofunguliwa, mikseri mpya ilikuwa imefika kwenye chumba cha muziki. Madamu alibandika utepe wake chaneli ya mwisho, akasokomeza kifutio, akaendelea na maisha. Nyumbani pacha walianza kuitika wakiitwa mara moja. Kwenye kikao cha walimu alisema ratiba ya maabara imekaa vibaya, na ratiba ikabadilishwa, hoja aliyokuwa akiileta kila muhula bila kusikika. Na kwaya ilipofanya mazoezi, sauti ya pili ilisikika. Iliteremka kwenye kiitikio pale ilipotakiwa kuteremka, ikaubeba wimbo mzima mgongoni. Mkuu wa shule alikuja na kalamu yake mkononi, akasimama mlangoni, akalia bila kujificha.

"Hii sauti ya pili kaipanga nani?" akauliza.

Tenori akafungua kinywa. Wasichana wakamtangulia. "Madamu! Tunamsikia tukiimba!"

Mkuu akaona hakuna haja ya kikao. Siku hiyohiyo alimkabidhi Madamu Fizikia ufunguo, akampigia makofi mbele ya walimu wote. Tenori naye alipiga makofi, kwa nguvu kuliko wenzake. Roho ilikuwa inamuuma kama jino bovu. Alimwonea gere mkewe kwa ufunguo, kwa machozi ya mkuu, hata kwa ile namna pacha walivyosema "abee mama" kabla hajamaliza kuita. Aliporudi nyumbani alisema chumvi imezidi. Haikuwa imezidi.

Wiki ileile Madamu alikwenda maabara, akauacha ufunguo mlangoni kwa kuwa alikuwa anarudi mara moja. Tenori akaingia. Alikuwa na karatasi ya wimbo mkononi na noti moja iliyohitaji kufutwa. Alitafuta kifutio mezani, hakukiona. Kimoja kilikuwa kwenye mikseri, chaneli ya mwisho. Akakichomoa, akafuta noti yake. Kitelezi kikateremka chenyewe. Yeye hakukigusa, na hilo alikuwa tayari kuliapia popote.

Kifutio akakitia mfuko wa shati.

Maabara, Madamu Fizikia alikuwa katikati ya sentensi kuhusu mawimbi. Wanafunzi walisubiri kidogo, kisha wakageukia ubao, kama walivyozoea kusoma somo hilo tangu zamani.

Mkuu wa shule alisikitika, na alisema kwamba anasikitika. "Lakini mwalimu wa sauti asiye na sauti, jamani, wazazi watatuelewaje?" Ufunguo ukahamia kwa Tenori. Madamu alisimama, akaandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu kwa herufi kubwa: NAOMBA KIFUTIO CHANGU. Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliagiza stoo wampelekee boksi zima la vifutio. Vilikuwa vizuri, vyeupe, havijaguswa. Madamu alivibeba hadi mlango wa chumba cha muziki, na mlango ulikuwa umefungwa.

Jioni alimnyooshea mumewe kiganja juu ya meza. Alisema neno, kisha akasema mengi, huku anamtazama usoni. Jokofu lilinguruma. Pacha walikuwa wanagombania kijiko.

"Ndiyo, Mama Mapacha," Tenori akasema. "Chumvi imetosha."

Akala akamaliza. Alipotoka mezani alipitisha mkono kwenye mfuko wa shati, kama mtu anayehakikisha kalamu yake ipo.

Siku ya wageni kwaya ilipangwa uwanjani, na vipaza sauti vitano vikasimamishwa na Tenori mwenyewe, kitaalamu kabisa, kila kimoja na utepe wake. Wimbo ulianza vizuri. Ulipofika kwenye kiitikio, sauti ya kwanza ilibaki peke yake hewani. Tenori aliwageukia wasichana wa upande wa kushoto, akawapungia, akawakazia macho, akawanong'oneza kwa hasira wafungue midomo. Walikuwa wameifungua mpaka magego yanaonekana. Mishipa ya shingo ilikuwa imewasimama. Nyuma yao, kwenye dirisha la maabara, Madamu Fizikia naye alikuwa amefungua kinywa, akiimba pamoja nao.

Wageni wakapiga makofi. Tenori akainamisha kichwa kushukuru, kisha akamsogelea yule Mwalimu wa Historia wa mafunzoni, aliyealikwa kutoka shule anayofundisha, akatikisa kichwa.

"Sauti ya pili," akasema. "Nimewafundisha nimechoka. Na hawa wa mwaka huu ni walewale."